Nani Amekishika Kipanya?



Mmenialika Makutupora. Wenzangu wa Dar es Salaam waliposikia ninakuja huku waliniuliza kama nitashuka mwisho wa kile kipande cha reli ya SGR kinachoanzia Morogoro. Ikabidi niwaeleze kwamba Makutupora ya reli iko Manyoni, mkoani Singida, na mimi nakwenda Makutupora ya Dodoma, ya zabibu na visima. Hilo tumelimaliza, tuingie kazini.

Nimeombwa nizungumzie tatizo dogo ambalo limewachosha watu wengi kuliko ukubwa wake unavyostahili. Dalili zake mnazijua. Kompyuta ina Linux, au FreeBSD, au ndugu mwingine wa ukoo wa Unix. Ikiwa kwenye konsoli, yaani ile skrini nyeusi ya maandishi matupu, kipanya kinatii: unachagua maneno, unayabandika, hakuna shida. Unawasha desktopu ya picha, kipanya kimekufa. Siku nyingine hakifi, kinapagawa. Mshale unarukia kona ya skrini, menyu zinafunguka bila mtu kubofya, dirisha linajifunga, na aliyekaa kwenye kiti anaapa kwamba hajagusa kitu. Kuna mashine nyingine zinafanya kinyume: desktopu shwari, konsoli ndiyo yenye vurugu.

Fundi wa mtaani akiletewa mashine ya hivyo, jibu lake ni moja: tuipige formati. Simlaumu sana. Mteja analipia mashine inayowaka, halipii saa mbili za kusoma logi. Lakini kwa tatizo hili formati ni kazi bure. Diski ya kusakinishia itarudisha programu zilezile, kwa mipangilio ileile, na kesho kipanya kitapagawa vilevile. Na hata ikitokea kimepona, hutajua kimeponaje, kwa hiyo mashine ya pili ikiugua utaanza upya. Kabla hujagusa diski kuna swali la kuuliza: sasa hivi, ni programu gani imekishika kipanya? Maneno yangu mengine yote leo yatakuwa ni njia za kulipatia swali hilo jibu.

Nchi yetu ililijua tatizo hili vizuri kwa sababu ya majira. Mwaka 1974 Serikali ilizuia kuingiza kompyuta nchini, na zuio hilo lilikuja kuondoka wakati wa mageuzi ya biashara. Kompyuta za mezani zilipoanza kuenea kwenye vyuo na ofisi katika miaka ya 1990, zilifika na vipanya vya poti ya siriali, kisha vya PS/2, vile vyenye mpira tumboni. Linux nayo, iliyozaliwa 1991, ilikuwa bado inakua. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Mwaka huohuo Ubuntu ikaanza kutuma diski za bure kwa posta kwa yeyote aliyeziomba, na utaratibu huo ukaendelea hadi 2011. Programu mpya kabisa zikawa zinasakinishwa kwenye mashine za mitumba zenye vipanya vya kila ukoo. Mchanganyiko huo ndio mama wa tatizo letu.

Tukifungue kipanya chenyewe. Kipanya hakiiambii kompyuta kipo wapi. Kinachosema ni kwamba kimesogea kiasi fulani na kwamba kitufe fulani kimebonyezwa. Kipanya cha kawaida cha PS/2 kinasema hivyo kwa baiti tatu. Ya kwanza imebeba hali ya vitufe pamoja na ishara za kujumlisha au kutoa; ya pili ni mwendo wa kushoto na kulia; ya tatu ni mwendo wa juu na chini. Zinafuata tatu nyingine, na tatu nyingine, bila nukta wala mkato katikati. Draiva inahesabu: moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Ipo biti moja ndani ya baiti ya kwanza ambayo huwa 1 daima, na draiva makini huitazama ili kujua kama bado iko kwenye mstari, ila baiti ya mwendo nayo inaweza kuwa na biti hiyohiyo, kwa hiyo ukaguzi huo hudanganyika.

Sasa ipotee baiti moja tu. Hesabu yote inateleza hatua moja. Baiti ya mwendo inasomwa kama hali ya vitufe: umesogeza mkono kulia, mashine inasikia umebonyeza vitufe viwili. Hali ya vitufe nayo inasomwa kama mwendo. Menyu zinazojifungua zenyewe zinatoka hapo. Hakuna jini, hakuna kirusi, na kipanya chenyewe ni kizima.

Baiti ilipotelea wapi? Haikupotea, imesomwa na mwingine. Kwenye Linux yenye kerneli 2.4 na zilizotangulia, poti ya PS/2 ilionekana kama faili, /dev/psaux. Programu mbili ziliweza kulifungua kwa wakati mmoja, lakini foleni ya baiti ilikuwa moja. Aliyewahi alichukua, mwenzake akapata zilizofuata. Hapa kwenu mfano hauko mbali. Visima vya Mzakwe, katika bonde hili la Makutupora, vinapeleka maji Dodoma mjini. Ukiunga mipira miwili kwenye mdomo wa pampu moja, kila upande utapata pungufu, lakini utakachopata ni maji safi yaleyale. Baiti za kipanya hazigawiki hivyo. Nusu ya ujumbe haiwi ujumbe mdogo; inakuwa ujumbe mwingine kabisa, na wa uongo.

Wasomaji wenyewe ni nani? Wa kwanza ni gpm, programu inayokaa nyuma ya pazia na kukipa uhai kipanya kwenye konsoli. Ilitokana na programu ya Andrew Haylett iliyoitwa selection, baadaye ikalelewa na watu kama Alessandro Rubini wa Italia na Ian Zimmerman. Msomaji wa pili ni seva ya X, inayochora desktopu: zamani XFree86, na tangu 2004 zaidi ni X.Org.

Watu wengi wanaitukana gpm bila haki. Walioiandika walikuwa na adabu. Skrini ikiingia katika hali ya picha, gpm hulifunga faili la kipanya, hulala sekunde mbili, huchungulia kama maandishi yamerudi, yakiwa hayajarudi hulala tena. Katika mashine nyingi adabu hiyo ilitosha, na ndiyo maana wapo walioishi na programu hizo mbili miaka mingi bila kujua kwamba zinagombea kitu kimoja. Ilipokuja kushindwa ni kwenye lugha.

Mwaka 1996 Microsoft ilitoa IntelliMouse, kipanya chenye gurudumu. Gurudumu linahitaji baiti ya nne. Lakini kipanya kikitoa baiti nne kwenye mashine isiyojua gurudumu, vurugu ndiyo ileile niliyoieleza. Wakatafuta hila. Kipanya kikiwashwa kinatoa tatu kama wenzake. Draiva inayotaka gurudumu inabisha hodi kwa namna ya pekee: inakiagiza kipanya kibadili kasi ya kutuma taarifa iwe 200 kwa sekunde, halafu 100, halafu 80. Hakuna programu ya kawaida inayoomba mfuatano huo. Kipanya kikiusikia kinajitambulisha kwa namba nyingine, na tangu hapo kinatoa nne.

Hila nzuri, ila hali hiyo inabaki ndani ya kipanya, si ndani ya programu iliyoiomba. gpm ikianzishwa kwa itifaki, yaani lugha, ya imps2, ile yenye gurudumu, itabisha hodi, kipanya kitaanza kutoa nne. Unawasha desktopu, gpm inajiondoa kwa adabu zake zote. Seva ya X inalifungua faili. Kwenye mipangilio yake kumeandikwa PS/2, yaani tatu. Inasoma tatu, ya nne inaingia kwenye ujumbe unaofuata, na ndani ya sekunde moja mshale uko konani. Wakati huo gpm imelala fofofo, na ukiitafuta kama mwizi wa baiti hutaikuta na kitu mkononi. Geuza mpangilio, X ibishe hodi na gpm isiwe na habari, pepo litapanda utakaporudi konsoli. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokata tamaa, kwa sababu kila programu ukiiendesha peke yake inafanya kazi vizuri.

Tukae kwenye mashine sasa. Kipanya kikifa, kibodi kwa kawaida bado ni hai. Bonyeza Ctrl, Alt na F2 upate konsoli. Kipanya kikifanya kazi huko na kugoma kwenye desktopu, waya na kifaa ni vizima, acha kuvichomoa. Vya PS/2 hasa havikubuniwa kuchomolewa mashine ikiwa inawaka. Kikigoma pande zote mbili, hapo kweli anza na waya.

Ingia kama root, uandike fuser -v ukifuatisha jina la faili la kipanya: /dev/psaux kwa mashine kongwe, /dev/input/mice kwa zilizofuata. Amri hiyo itakutajia kila programu iliyolifungua faili hilo, kwa jina na namba yake. Angalia pia /dev/mouse, maana mara nyingi si faili lenyewe bali kiungo kinachoelekeza kwingine, na mtu wa kabla yako huenda alikigeuza. Baadhi ya draiva za zamani, kama za vipanya vya basi, hazikuruhusu wasomaji wawili hata kidogo. Huko X haipagawi, inakataa kuwaka, na kwenye logi yake, /var/log/XFree86.0.log au Xorg.0.log, utakuta mstari unaoanza na (EE) na maneno Device or resource busy. Mimi nalipenda kosa la namna hiyo. Limesema ukweli mapema.

Kisha isimamishe gpm, uiwashe X upya. Kipanya kikitulia umempata mhusika, ila dawa bado. Kama hakikutulia, zima gpm na X zote mbili usome baiti kwa macho yako:

od -v -t x1 -w3 /dev/psaux

Sogeza kipanya polepole bila kubonyeza kitufe. Baiti zitapangwa tatu kwa kila mstari. Safu ya kwanza ikibaki kwenye 08, 18, 28 au 38, kipanya kinatoa tatu. Safu zikiteleza mstari hadi mstari, weka -w4 badala ya -w3. Zikinyooka, kinatoa nne. Nimewahi kuona wanafunzi wakishangilia safu ziliponyooka, na shangwe hiyo ilikuwa halali: kwa mara ya kwanza walikuwa wanakiona kipanya chenyewe, bila draiva ya kuwatafsiria. Kwa kerneli za 2.6 na baada yake jihadharini kidogo, kwa sababu /dev/input/mice ni maigizo: kerneli inajifanya kipanya cha PS/2 cha baiti tatu, na inakubali hodi ya gurudumu, hata kama kifaa halisi ni cha USB.

Dawa sasa. Kama hakuna anayetumia kipanya kwenye konsoli, izimeni gpm moja kwa moja na mwende nyumbani. Kwa maabara ya shule sioni sababu ya kufanya zaidi ya hapo. Kama inahitajika, hakikisheni pande zote mbili zinatumia itifaki moja. Na kama mashine ni kaidi, ipo njia ya tatu: gpm ikishike kipanya peke yake saa zote, nayo iwe inawarudishia wengine. Unaiwasha kwa chaguo la -R, kwa mfano -R ms3. Kila inachokisikia inakiandika upya kwenye faili la /dev/gpmdata, na X unaiagiza isome hapo kwa itifaki ya IntelliMouse. Kwenye Debian mipangilio hiyo iko katika /etc/gpm.conf, kwenye mstari wa repeat_type. Mtego wake ni mmoja tu. Ukishaielekeza X kwenye gpmdata, halafu mtu mwingine akasikia mahali kwamba gpm ni mbaya na kuizima, desktopu inabaki bila kipanya kabisa. Mashine za namna hiyo ndizo nilizokutana nazo mara nyingi zaidi, na kila mara mmiliki alisisitiza kwamba gpm imezimwa tayari, kwa hiyo haiwezi kuhusika.

Wenzetu wa FreeBSD waliliona jambo hili kwa utulivu zaidi. Tangu toleo la 2.2 wana moused, ambayo hukishika kipanya na kupeleka habari zake ndani ya kerneli. Kerneli inazitoa kupitia /dev/sysmouse, na X inasoma hapo. Kifaa halisi, /dev/psm0, kinakubali msomaji mmoja. Wa pili anafukuzwa mlangoni. Ule mpango ambao kwenye Linux ulikuwa chaguo la pembeni, huko ndio ulikuwa desturi. Nikiulizwa upande wangu, naupenda wa FreeBSD. Wahandisi wengi wa mitandao wa ukanda huu waliujulia kwenye warsha za AfNOG, kundi la waendeshaji mitandao wa Afrika, ambazo kwa miaka mingi zilifundisha kwa FreeBSD, na mwaka 2011 zilifanyika Dar es Salaam.

Lakini aliyeweka desktopu kwenye FreeBSD miaka hiyo alikuta kizaazaa kipya. X.Org ilikuwa imeamua kutosoma orodha ya vifaa kwenye faili la mipangilio, bali kupewa orodha hiyo na huduma iitwayo HAL. HAL isipowaka, X inasubiri habari ambazo haziji. Mshale unaonekana katikati ya skrini, umeganda, na kibodi nayo imekufa. Logi ilisema wazi kwamba AllowEmptyInput imewashwa na kwamba vifaa vinavyotumia draiva za kbd na mouse vitazimwa. Chini yake, Disabling Mouse0. Dawa ilikuwa kuwasha huduma za dbus na hald, ambayo ndiyo HAL yenyewe, au kuandika AutoAddDevices kuwa Off. Ugomvi ulikuwa umehama. Zamani wasomaji wawili waligombea kipanya. Sasa kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayekisoma.

Linux nayo ilishapita njia yake. Kerneli 2.6 ilipotoka Desemba 2003, kila msomaji wa /dev/input/mice alianza kupewa nakala yake. Wizi wa baiti ukaisha siku hiyo. Ukaja ugonjwa wa wingi: X ikisoma /dev/input/mice na wakati huohuo ikasoma faili la event, yaani faili la pekee, la kipanya hichohicho, kila mwendo unahesabiwa mara mbili. Mshale unakimbia kupita mkono, na ukibandika neno moja yanatokea mawili. Ukikuta hali hiyo, angalia kama kifaa kimoja kimeorodheshwa chini ya majina mawili kwenye Xorg.0.log.

Siku hizi, kwenye mashine zenye systemd, desktopu mara nyingi hailifungui faili la kipanya yenyewe. Inamwomba logind, huduma ya systemd, anayelifungua na kuikabidhi. Ukihamia konsoli nyingine, kerneli inaifuta ruhusa hiyo, uwezo ulioingia katika toleo 3.12 mwaka 2013. Programu inaweza kuwa imeng'ang'ania faili, lakini haisikii kitu. Hapa adabu ya programu haitegemewi tena. Mwamuzi ni kerneli. Kwa vijana mliozoea hali hii, habari za gpm kulala sekunde mbili mbili zinaweza kuonekana za kale. Nendeni kwenye chumba cha seva basi.

Chumba cha seva kina mashine kadhaa, skrini moja, kibodi moja na kipanya kimoja, vyote vikipita kwenye swichi ya KVM. Hapo ndipo tatizo la zamani bado linaishi. Unahamia mashine ya pili, unarudi ya kwanza, na baadhi ya swichi za PS/2 huwa zimekirudisha kipanya kwenye hali ya kuzaliwa, baiti tatu. Mashine ya kwanza haijaambiwa. Bado inasoma nne. Kerneli inaandika kwamba psmouse lost synchronization, imetupa baiti kadhaa, na mshale unacheza ngoma. Watu hukimbilia kuwasha seva upya, huduma zote zikaanguka kwa ajili ya kipanya.

Kwa mashine kongwe, zenye X inayosoma psaux moja kwa moja, bonyeza Ctrl, Alt na F1 uende konsoli, kisha Alt na F7 urudi. X inaporudi inalifungua faili upya na kubisha hodi upya, 200, 100, 80, na kipanya kinarudi kwenye nne. Kwa kerneli za baadaye, ambako hodi hubishwa na moduli ya psmouse, iondoe kwa modprobe -r psmouse na uirudishe kwa modprobe psmouse. Na kama swichi yenu inafanya hivyo kila siku, pakieni moduli hiyo kwa proto=bare. Mtakosa gurudumu, lakini mashine na kipanya vitakubaliana baiti tatu, swichi ifanye itakavyo.